Kivumbasi si Dawa ya Kila Ndwele

Msomaji, ni nadra kumpata mtu hapa Tulia asiyeijua harufu ya kivumbasi, ambacho Wakamba hukiita mutaa. Majani yake hufukizwa jioni kuwafukuza mbu, na mwenye mafua huyafikicha akavuta harufu yake. Wapo wasomi wetu wayachekao mambo haya, wala hawana haki ya kucheka. Ndani ya aina moja ya kivumbasi mna yujenoli, kitu kile kile kizipacho ukali karafuu za Unguja na Pemba, na ambacho waganga wa meno hukitumia hata leo kutuliza maumivu. Mrihani mtakatifu wa Wahindi, yaani tulasi, nao unacho. Aina nyingine, iliyopewa na wataalamu jina la Mlima Kilimanjaro, ina kafuri. Huko Kakamega wakulima huipanda na kuikamua mafuta, ikatengenezwa Naturub, dawa ya kuchua.

Ya kuchua, nasema, si ya kunywa. Hapo ndipo nigombanapo na muuza chupa wa sokoni. Hukuonyesha maji ya kijani akakuapia kuwa yaponya malaria, kisukari na utasa. Muulize: ni kivumbasi cha aina gani? Katika kijiko kimoja mna dawa kiasi gani? Hajui, maana hata mimea miwili ifananayo kwa macho yaweza kuhitilafiana kabisa kwa yaliyomo.

Atakujibu kwamba dawa ya malaria ya leo nayo ilitoka katika jani. Ni kweli. Tu Youyou wa China aliongozwa na kitabu cha kale, akaipata artemisinini mwaka 1972, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini yeye alianza kwa wanyama, kisha akainywa mwenyewe, ndipo wagonjwa wakapewa. Muuza chupa huanza na mtoto wako!

Na kafuri ikimezwa kwa wingi humtia mtoto degedege. Malaria kali nayo humtia degedege. Mama atajuaje kilichomwangusha mwanawe, chupa au homa? Kupima damu zahanati hakufiki nusu saa. Mtoto aliyenyweshwa chupa kwanza huletwa siku ya tatu, amekwisha kulegea.