Upasuaji wa Unene: Kazi Huanza Mgonjwa Atokapo Hospitali

Upo mtindo uliozoeleka katika shughuli nyingi za maendeleo, nao ni wa kuadhimisha siku ya ufunguzi na kuzisahau siku zinazofuata. Kisima huchimbwa, utepe hukatwa, hotuba hutolewa. Baada ya mwaka mmoja pampu imekufa na hakuna anayeulizwa. Hapana budi mtindo huo uzuiwe mapema, usije ukaingia katika jambo jipya la tiba linaloanza kujulikana nchini, yaani upasuaji wa kupunguza uzito.

Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi wa 2015-16 idadi hiyo ilifikia 28. Pamoja na unene huja kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti, maradhi ambayo watumishi wa maofisini wanayajua vizuri. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekwisha anzisha huduma za kupunguza uzito, zikiwemo za kuweka puto tumboni, na wapo wananchi wanaosafiri hadi India kupasuliwa. Kwa mtu ambaye unene umemkithiri, na ambaye chakula cha kiasi na mazoezi havikumfaa, tiba hiyo ni halali kabisa, wala hastahili kudhihakiwa kwa kuitafuta.

Katika aina mbili za upasuaji zinazotumika zaidi, ya kwanza huondoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuuacha kama bomba jembamba. Ya pili hutenga kifuko kidogo kinachochukua vijiko vichache tu, kikaungwa na utumbo mwembamba, na hivyo chakula huruka sehemu ambayo kwa kawaida hufyonza madini na vitamini. Kazi hiyo huchukua saa chache. Mgonjwa asiyepata matatizo hulala hospitali siku mbili tatu tu, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba mtu aliyebadilishwa mfuko wa chakula amebadilishiwa masharti ya kuishi, na masharti hayo hayana tarehe ya mwisho.

Masharti ya kwanza ni ya siku na majuma. Siku ileile ya upasuaji mgonjwa hutakiwa kuinuka na kutembea, kwa sababu damu ikiganda katika mishipa ya miguu huweza kupanda mapafuni na kuua. Kwa muda wa majuma mawili hivi hunywa vitu vya majimaji tu. Kisha huja vyakula vilivyosagwa, kama vile maharage yaliyopondwa na samaki asiye na miba. Halafu vyakula laini. Na chakula cha kawaida hakirudi mpaka juma la sita au zaidi. Maji hunywewa kidogo kidogo kutwa nzima, wala hayachanganywi na mlo. Homa, moyo kwenda mbio, au maumivu makali ya tumbo au bega katika kipindi hiki si mambo ya kusubiri hadi Jumatatu. Huenda mshono unavuja, na mgonjwa yapasa arudishwe hospitali saa ileile.

Mfano wa mwalimu wa shule iliyo mbali na mji utaeleza zaidi. Amepasuliwa, amerudi nyumbani, na katika juma la nne anaanza kutapika kila anachokula. Anakwenda zahanati. Mhudumu, kwa nia njema, anamwona ameishiwa maji na nguvu, anamtundikia dripu ya sukari. Lakini akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya majuma machache tu, na kutapika kumekwisha imaliza. Sukari ikitangulia kabla ya vitamini hiyo, huweza kuharakisha madhara ya ubongo: macho huyumba, miguu hupepesuka, kumbukumbu hupotea, na pengine hairudi tena. Kinga yake ni sindano ya vitamini B1, dawa isiyo ya gharama kubwa. Katika mkasa kama huo mhudumu hana hatia. Hatia ni ya utaratibu uliomrudisha mwalimu kijijini bila hata barua ya kueleza alichofanyiwa.

Hatari nyingine ni za dawa alizozizoea mgonjwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini huenda akahitaji kupunguziwa kipimo ndani ya siku chache baada ya upasuaji, kwani sukari hushuka upesi. Akishikilia kipimo cha zamani ataanguka. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo watu huzinunua dukani kama peremende, huweza kumletea vidonda, hasa yule aliyeungwa utumbo. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na yafaa aulize mapema njia ya uzazi wa mpango inayomfaa, maana vidonge vya kumeza huenda visitegemewe kama zamani.

Baada ya hapo huja masharti ya miaka. Vidonge vya vitamini na madini humezwa kila siku, maisha yote. Damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, na baadaye kila mwaka. Upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu. Ule wa kalsiamu na vitamini D hudhoofisha mifupa. Na ule wa vitamini B12 huharibu damu na mishipa ya fahamu, tena polepole, kiasi kwamba mtu huanza kufa ganzi miguuni wakati amekwisha sahau kuwa aliwahi kupasuliwa.

Historia imekwisha toa funzo. Mwaka 1954, huko Minnesota, Marekani, waganga waliripoti upasuaji wa kukiunga chakula kiruke sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Njia hiyo ilienea katika miaka ya 1960 na 1970, na wagonjwa walikonda kweli. Baadaye yakajitokeza maradhi ya ini, mawe ya figo na utapiamlo, na njia ikaachwa. Kama hesabu ingefungwa siku ya kutoka hospitali, watu wale wangeandikwa wote kuwa wamepona. Leo hii mwongozo wa taifa wa tiba huko Uingereza unataka timu iliyompasua mgonjwa imfuatilie kwa miaka isiyopungua 2, kisha aangaliwe walau mara 1 kila mwaka, maisha yake yote.

Hapa nchini kipo kizuizi cha aina yake, nacho ni siri. Kwa muda mrefu kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya cheo na neema, na kukonda kumehesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wa aibu. Mtumishi anayepungua kilo nyingi katika miezi michache huanza kunong'onwa ofisini. Kwa kukwepa minong'ono huficha upasuaji wake; na akiisha kuuficha, hawezi kukataa sahani ya pilau arusini wala soda kwenye mkutano. Shangazi humlazimisha kula kwa upendo, wenzake humlazimisha kwa mzaha. Ubaya zaidi, huizoea siri hiyo hata akamficha mganga. Haifai hata kidogo watu wenye elimu, wakiwemo walimu ambao jamii huwatazama, kuwa ndio wa kwanza kumcheka mwenzao aliyekonda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya wenye fedha, na kwamba nchi yenye malaria na vifo vya wajawazito haina muda nayo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Aliyelipia upasuaji kwa fedha zake, iwe Dar es Salaam au ng'ambo, akizidiwa usiku wa manane hapelekwi India. Hupelekwa hospitali ya wilaya, kwa gari la jirani, akapokewa na muuguzi wa zamu ambaye mshahara wake hulipwa na umma. Gharama ya kutomfuatilia mgonjwa humwangukia kila mtu, na ni kubwa kuliko ile ya kumpima damu kwa wakati.

Kinachotakiwa hakihitaji majengo mapya. Kila mama nchini anaijua kadi ya kliniki ya mtoto, namna inavyoandikwa uzito, chanjo na tarehe ya kurudi. Aliyepasuliwa naye apewe kadi ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili: aina ya upasuaji, dawa za kumeza, dawa za kuepuka, dalili za hatari, na simu ya mganga wake. Hospitali inayopasua iandike barua kwa mganga wa wilaya anakoishi mgonjwa kabla hajaruhusiwa. Mgonjwa aelezwe mapema gharama ya vidonge na vipimo vya miaka ijayo, wala si ya siku ya kisu peke yake, na asiyeweza kuimudu ashauriwe njia nyingine. Wakuu wa idara na walimu wakuu nao watoe ruhusa ya kwenda kliniki bila kumfanya mtumishi ajieleze mbele ya ofisi nzima.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mpasuaji mwenye ujuzi anastahili sifa zake, na nchi inayoanza kuwapata wapasuaji hao ina haki ya kufurahi. Furaha hiyo ipimwe miaka 5 baadaye, kwa kumuuliza yule mwalimu wa kijijini kama bado anafundisha.