Uvimbe wa ubongo ukirudi, nani analipia mtoto wa Kivu?

Wapo wanaosema mashine ya protoni ni mambo ya matajiri, Congo imalize malaria kwanza. Neno hilo linapendeza masikioni mwa wakubwa, kwa sababu haliwadai kitu. Lakini mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo naye ni mkaaji wa inchi hii.

Mionzi ya kawaida hupiga uvimbe, kisha huendelea na kutokea upande wa pili, ikigusa ubongo mzima usio na ugonjwa. Protoni huingia, hufika kwenye uvimbe na kusimama hapo. Uvimbe ukirudi baada ya matibabu ya kwanza, tofauti hiyo ina uzito zaidi, maana ubongo ulishachomwa na hauwezi kubeba mzigo uleule tena.

Si muujiza. Uvimbe fulani wa shina la ubongo, hata ukichomwa tena, mtoto huongezewa miezi tu. Anayemshauri mama wa kambini auze shamba kwa ahadi ya kupona, huyo ni mwizi, hata akivaa koti jeupe.

Hospitali za serikali ya Uingereza nazo, hadi mwaka 2018, hazikuwa na protoni ya kutibu ubongo. Serikali ilifanya nini? Tangu 2008 ilituma watoto Marekani na Uswisi, ikalipa yenyewe. Halafu ikatoa pauni milioni 250 kujenga vituo viwili, Manchester na London.

Mtu atajibu kwamba Uingereza ina pesa. Sawa. Na Congo je? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi hii. Kuna mashine za mionzi, za aina ya zamani, zinazotumia kobalti hiyohiyo ikiisha kupitishwa kwenye kinu cha nyuklia. Pamoja na hayo, Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini, hazina hata mashine moja ya mionzi, acha ya protoni. Ya karibu iko Kigali, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, tangu 2019. Nayo ni ya kawaida, lakini watoto wengi wangeanza na hiyo.

Familia iliyokimbia Masisi na godoro moja itafikaje Kanombe? Hata pesa ya skana haina. Mtoto anaumwa kichwa kila asubuhi, anatapika, anatembea akiyumba, na anatibiwa malaria miezi mitatu.

Wakubwa wakiugua hupanda ndege. Basi wabunge wa Kivu wasimame waulize: pesa ya kutuma wagonjwa inje inatibu nani? Watoto wenye kansa wapewe mstari wao katika bajeti, na kila mwaka hesabu ya waliotumwa isomwe redioni, wazazi walio kambini waisikie.