MANENO NA MAANA ZAKE: “INNOCENT”

Juma hili twalitazama neno “innocent”, ambalo wengi hulifasiri “asiye na hatia”, kisha wakafunga kitabu. Tafsiri hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Ndani yake mna neno “nocere”, yaani kudhuru, na silabi “in” iliyo mbele yake hukanusha. Basi kwa asili ni asiyedhuru.

Kwa hiyo Waingereza husema “an innocent question”, yaani swali lisilo na nia mbaya. Mtoto mchanga pia huitwa hivyo kwa kuwa hajaujua uovu. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni maasumu. Lakini mtu mzima akiitwa hivyo, angalia vema: pengine anasifiwa unyofu wake, pengine anachekwa kwa kuwa ni mwepesi wa kudanganywa.

Maana ya tatu ni ya mahakamani. Hapa neno hufuatwa na “of”, wala si “from”: “He is innocent of theft”, hana hatia ya wizi.

Hata hivyo, hakimu afuataye sheria ya Kiingereza amwachiliapo mtu hatamki “innocent”. Hutamka “not guilty”, yaani hatia haikuthibitishwa. Tofauti hii si ndogo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshitaki; mshitakiwa halazimiki kuonyesha usafi wake. Baraza la Malodi huko London lilikaza jambo hilo mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, kijana aliyeshitakiwa kwamba amemwua mkewe, naye akaachiliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, yasema vivyo hivyo: mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe.

Lakini haki hiyo yaweza kupotea kwa tafsiri mbaya. Tuseme mkulima aulizwa kizimbani, “Ni kweli au si kweli?” naye ajibu, “Ni kweli nilimchukua ng’ombe, lakini ni wangu.” Mfasiri akitoa nusu ya kwanza tu, mtu asiye na hatia amekwisha kuungama wizi! Ndiyo sababu mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mshitakiwa asomewe shitaka kwa lugha anayoifahamu, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Basi, msomaji, ulifasiripo neno hili, uliza kwanza linanena habari za nani: mtoto, mnyofu, au mshitakiwa? Na ukipewa maneno ya mwenzio uyafasiri, yafikishe yote. Maneno ya mtu ni amana.