Kunyoosha Picha si Kughushi

Wadau, nina dukuduku limenikaa rohoni tangu nirudi Digodigo, kule Ngorongoro, kwa Wabatemi ambao wengi tumezoea kuwaita Wasonjo.

Nilifuata habari ya mifereji. Wenzetu hawa wanamwagilia mashamba kwa maji ya chemchemi tangu enzi za mababu, na kimila zamu za maji husimamiwa na wazee waitwao wenamiji. Wazee wanane wakajipanga mbele ya nyumba. Nyuma yangu miiba, sina pa kurudi. Nikafungua lenzi hadi milimita 18, nikapiga.

Kwenye kompyuta nikakuta madudu. Ukuta umevimba kama pipa, na mzee wa mwisho kushoto kichwa kimetanuka kama boga. Nikarekebisha vyote viwili. Mhariri akaja juu: picha ya habari haichezewi! Ikatoka ilivyo, na watu wakamcheka mzee aliyenitembeza mferejini asubuhi nzima. Mimi sikucheka.

Jamani, anayedhani picha isiyoguswa ndiyo ukweli mtupu haijui kamera yake. Lenzi nyingi za kawaida zikifunguliwa upana wote hukuza katikati kuliko pembeni, ndipo mistari iliyonyooka inapobinuka. Kamera nyingi za leo, na simu zetu hizi, hunyoosha zenyewe kabla hujaiona picha. Mbona simu hatuiiti mwongo? Lightroom hufanya kazi hiyo kwa vipimo vya kila lenzi tangu mwaka 2010, na Hugin ni ya bure. Hakuna mtu anayeongezwa. Unachopoteza ni ukingo kidogo, basi uangalie tu usimkate mtu.

Ila tusidanganyane, kunyoosha ukuta hakuponyi kichwa. Hayo ni magonjwa mawili. Kichwa cha pembeni hutanuka kwa sababu lenzi pana inalazimisha eneo kubwa lilale juu ya bapa, hata lenzi iwe ya mamilioni. Ukiondoa pipa, kichwa kile kinaweza kutanuka zaidi! Hugin ina njia iitwayo Panini inayokirudisha, lakini mistari mingine ya mlalo, kama ya paa, inapinda. Lazima uchague, paa au mzee? Mimi namchagua mzee. Paa halina wajukuu watakaoliona gazetini.

Namwelewa mhariri. Waghushi wapo, na ukifungua mlango kidogo wanaingia na panga. Kumpunguza mheshimiwa kitambi, kufuta mtu, kujaza viti vitupu, huo ni uongo na mhusika afukuzwe. Lakini kipimo kisiwe kama picha imeguswa. Kipimo kiwe hiki: aliyesimama pale angemwona mtu yule hivyo? Pale Digodigo hakuna aliyemwona mzee mwenye kichwa cha boga. Kwa hiyo gazeti lililokataa "kuchezea" ndilo lililochapisha kisichokuwepo.

Na kosa la kwanza ni langu. Ningewapanga safu mbili, nikawaweka katikati, nikaachia pembeni miti na mawe, kusingekuwa na kesi. Nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linaondoka. Haraka yangu akailipia mzee.

Tukimpiga mtu picha tunachukua sura yake kwa mkopo. Tuirudishe ilivyokuwa.

Nawasilisha.