Bukari ya Lualaba: kwa nini tunangojea lori?

Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa lote. Mahindi yao hayakuwatosha wao wenyewe. Mwezi wa nane mwaka uleule, Zambia ikafunga kwa siku chache mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu ya ugomvi juu ya vinywaji vinavyoingia Kongo. Wakubwa walizungumza, malori yakapita tena. Lakini mambo hayo mawili yalitukumbusha jambo tulilolizoea mno: bukari ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hutegemea sana mahindi ya ng'ambo ya mpaka.

Ni ajabu. Nchi yetu hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Mvua tunayo, udongo tunao. Kwa nini basi mama wa Kolwezi anangojea lori?

Jibu moja ni la zamani. Kolwezi ulizaliwa na mgodi katika miaka ya 1930. Union Minière, na baadaye Gécamines, ziliwapa wafanyakazi posho ya unga wa mahindi. Watu wa kambi wakazoea chakula kinachotoka kwa kampuni. Musumba, makao ya Mwant Yav katika teritwari ya Kapanga, una historia nyingine. Zamani makao hayo yalihamishwa mfalme mpya alipotawala, lakini popote yalipokuwa, mashamba yaliyazunguka. Hata muhogo tunaouita wetu ulikuwa mgeni: ulitoka Amerika kwa mikono ya Wareno, ukapita katika nchi ya Walunda, ukalimwa mpaka watu wakasahau ugeni wake.

Leo Musumba na Kolwezi ni wa jimbo moja, tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Lakini ni vigumu gunia la muhogo au la karanga kutoka Kapanga kufika soko la Kolwezi. Mvua inapokolea, barabara ya kupitia Sandoa inageuka matope. Reli ya kwenda Lobito, inayosifiwa sana siku hizi, inapita Kolwezi na Dilolo, mbali na Kapanga, na watu wanapoisifu wanawaza shaba. Kwa hiyo tusimhukumu mama anayenunua unga wa nje kwa sababu ni wa bei nafuu. Ana watoto wa kulisha jioni ya leo.

Hata hivyo, kununua kwa wamama wa soko letu kuna faida ambayo bei haionyeshi. Feza inabaki kijijini, inalipa shule na dawa. Tena kuna uaminifu. Muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha una sumu. Huko Kahemba, katika Kwango, watu wengi wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Mama anayetengeneza unga nyumbani, nasi tunamjua, tunaweza kumuuliza aliulowesha siku ngapi. Gunia la dukani haliulizwi.

Ndugu zetu wa Goma wanalijua jambo hili kwa uchungu. Maharagwe, viazi na jibini ya Masisi ndivyo vilivyolisha mji. Vita vilipofunga njia, hata kabla mji haujachukuliwa mwezi wa kwanza 2025, sahani zilipungua. Mji usio na njia ya kwenda shambani hauna nguvu, hata kama una madini chini yake.

Tunapenda kuhubiri juu ya Yosefu aliyeweka akiba katika miaka ya shibe. Mara chache tunasoma hadithi hadi Mwanzo 47. Pale watu wenye njaa walitoa feza, kisha mifugo, kisha mashamba yao, mwisho wao wenyewe, wawe watumwa wa Farao. Ghala liliokoa maisha, lakini funguo zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo hatuulizi tu kama chakula kipo. Tunauliza funguo za ghala ziko kwa nani.

Makutaniko yetu yanaweza kuanza na madogo. Wakati wa mavuno, kati ya mwezi wa ine na wa sita, bei ya mahindi hushuka. Kutaniko linaweza kununua kwa wakulima wake kwa bei ya haki, likahifadhi, likauza bila kunyonya watu kabla ya mavuno mengine. Konferensi zetu hulisha mamia ya watu: chakula hicho kitoke kwanza kwa wamama wa kanisa na wa soko. Na meka ya kupimia iwe ileile kwa mnunuzi na kwa muuzaji, kwa maana nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo.

Lakini kikapu cha mama hakitengenezi barabara. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inazidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na migodi, na asilimia 15 ya mrabaha ni ya sekta, usultani au komini yenye mgodi. Kapanga iko mbali na migodi hiyo. Sehemu ya jimbo ni asilimia 25, na hiyo ingeweza kuifikia. Wachungaji na wazee, tuulize viongozi wetu kwa heshima na bila kuchoka: feza hiyo imetengeneza njia gani ya kwenda shambani?