Escudo Ipi, Mwanangu?

Kijana akiingia duka la spea mjini akasema, "Ami, shikamoo, nimetumwa boli jointi ya Escudo," jibu analolipata baada ya marahaba huwa ni swali: "Escudo ipi, mwanangu?" Kijana husema ile nyeupe ya baba. Muuzaji huuliza kama ni ya milango mitatu au mitano, ni ya mwaka gani na injini yake ni kubwa kiasi gani. Kijana hupiga simu nyumbani. Baba yuko chini ya mwembe Jambiani na gari iko juu ya mawe, naye fundi anajibu kwa sauti ya mbali, "Mwambie akupe ya kawaida tu." Ya kawaida haipo. Kijana hurudi na boksi lenye kitu kinachofanana, na jioni fundi akijaribu kukipachika, hakiingii.

Hapo familia imepoteza nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi, na pengine na pesa ya spea yenyewe, maana maduka mengi yamebandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa nyumba inayoiangalia gari kama shamba, gari ya kupeleka wageni Nungwi na Paje, siku hiyo ina maana. Kati ya Juni na Oktoba wageni wanapokuwa wengi, gari iliyolala juu ya mawe ni ada ya skuli iliyolala pamoja nayo.

Kosa hilo kwa kawaida hutupiwa kijana, au muuzaji. Lakini tatizo limo kwenye jina. Escudo si gari moja. Suzuki waliitoa Japani mwaka 1988, na mpaka leo jina hilo limepita kwenye gari zisizofanana hata kidogo kwa chini. (Jina lenyewe ni la sarafu ya zamani ya Kireno na Kihispania, jirani zetu wa Msumbiji waliitumia mpaka mwaka 1980.) Umbo la pili lilikuja 1997, la tatu 2005. Hata ndani ya umbo la kwanza peke yake kuna TA01W ya milango mitatu na TD01W ya milango mitano, zote za injini ya lita 1.6 iitwayo G16A. Kuna na TD11W, ambayo ukiiona barabarani utasema ni ile ile, kumbe chini ya boneti ina injini ya V6 ya lita 2.0. Umbo la pili lina TD02W, TD52W na TD62W. La tatu lina TD54W na TDA4W. Kwa hiyo "Escudo ya zamani" ni maneno ya kumtambulisha mtu kwa kusema yule mrefu wa Makunduchi.

Herufi na tarakimu hizo ndizo jibu la swali la muuzaji, na zimeandikwa kwenye gari yenyewe. Gari zinazoletwa kutoka Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 ambayo gari za Ulaya na za Ghuba huwa nayo. Zina namba ya chasisi ya Kijapani: jina la modeli, kistari, kisha tarakimu zake, kama TD01W ikifuatiwa na tarakimu sita. Utaikuta kwenye kibati kidogo ndani ya boneti, na imegongwa pia kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mara nyingi karibu na gurudumu la mbele. Kwenye kadi ya gari pia imo, ila kadi ina udhaifu wake: aliyenakili aweza kuandika O mahali pa sifuri, au kuiacha herufi ya mwisho.

Hewa ya chumvi ya kisiwa hiki haikuacha kibati salama. Gari iliyokaa Kizimkazi miaka kumi, kibati chake huwa na kutu kama sufuria ya mkaani. Dawa ni brashi laini na mafuta ya taa kidogo, kisha kufuta, kisha kupitisha chaki juu ya maandishi yaliyogongwa. Tarakimu zitajitokeza nyeupe. Kinachokatazwa kabisa ni kupiga tupa au gurinda kwenye namba ya chasisi ili isomeke. Namba iliyokwanguliwa humfanya askari wa usalama barabarani ashuku gari ni ya wizi, na kumwelewesha ni kazi ya siku nyingi.

Kwenye Toyota kibati hicho husema mengi zaidi. Prado iliyoandikwa KZJ95W-GKPGT, kwa mfano, imeshajieleza: KZ ni ukoo wa injini, ile dizeli ya lita 3.0 ya 1KZ. J ni ukoo wa Land Cruiser. 95 ni ya milango mitano, wakati 90 ni ya mitatu. Herufi zinazofuata zinasema aina ya bodi, giaboksi na daraja la gari. Chini yake kuna namba ya rangi na namba ya ekseli, na hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mpaka siku difu inapolia. Difu mbili za Prado zinaweza kuwa sawa kwa nje na zikawa na hesabu tofauti ya meno ndani. Ukiweka ya mbele hesabu moja na ya nyuma nyingine, siku ukiingiza foo-wili kwenye mchanga utasikia gari inapigana yenyewe kwa yenyewe.

Kutoka kwenye namba ya chasisi ndipo inapopatikana namba ya spea. Muuzaji mwenye katalogi, au mtu yeyote mwenye simu na bando, akiiandika namba ya chasisi kwenye katalogi ya mtandaoni inayokubali gari za Kijapani, huletewa michoro ya gari ile ile, na kila kipande kina namba. Namba ya Toyota ina tarakimu kumi, tano na tano. Tano za mwanzo zinataja kitu: 90915 ni filta ya oili, 17801 filta ya hewa, 04465 pedi za breki za mbele na 04466 za nyuma. Shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya kushoto na 48520. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni cha gari gani. Kwa hiyo mtu akikuuzia pedi akakuonesha kwamba "si unaona, 04465," amekuthibitishia kuwa hizo ni pedi za mbele. Hajakuthibitishia kuwa ni zako.

Suzuki nao wana tano na tano, na kwao sehemu ya pili ndiyo yenye siri. Mara nyingi huanza na alama ya gari ambayo kitu kilitengenezwa kwa ajili yake kwanza: 60A ni Escudo ya umbo la kwanza, 65D ya pili, 65J ya tatu, 81A ni Jimny ya 1998 na kuendelea. Si sheria ya chuma, kwa sababu vitu vingine vinachangiwa na gari nyingi. Filta ya oili 16510-61A31 inaingia kwenye Suzuki za kila namna. Lakini mtu mwenye TD54W akipewa boksi la wishboni lenye 60A ndani ya namba, ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kulia na kushoto ni chanzo kingine cha safari za bure. Kulia kwa gari ni kulia kwa mtu aliyekaa kwenye usukani anatazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya boneti na kuagiza "ya huku kulia" ameagiza ya kushoto.

Na wale wenye ndugu Dubai wanajua raha ya kuletewa mzigo, ila kule gari zinaendeshwa upande mwingine wa barabara na usukani uko kushoto. Shokapu na pedi zaweza kufaa. Steringi reki haifai, na taa za mbele afadhali kuziacha: taa ya gari ya kule imekatwa ili imulike zaidi pembeni kulia. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, pembeni kulia ndiko anakotoka mwenzio, na barabara ya Paje usiku haihitaji mtu wa kumpofusha mwingine.

Kuna spea ambazo hazihitaji katalogi hata kidogo, kwa kuwa zinajisema zenyewe zikishatolewa na kufutwa grisi. Beringi iliyoandikwa 6205 ni 6205 dunia nzima, iwe imetengenezwa na Koyo au NTN. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata upana wa tundu lake kwa milimita, yaani 25. Mkanda ulioandikwa 4PK890 una mistari minne na urefu wa milimita 890. Sili ya oili ina vipimo vitatu: tundu, nje, na unene. Kwa vitu hivi fundi anayetupa cha zamani kabla kipya hakijafika ameitupa na namba yake. Mwenye gari akiwa nyumbani na asimamie hilo: cha zamani kibaki kwenye kitambaa, kipigwe picha, kiende dukani pamoja na mtumwa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo namba ya chasisi haitayaeleza. La kwanza ni historia ya gari baada ya kutoka kiwandani. Gari nyingi za foo-wili hapa kisiwani zimeshabadilishwa injini, au giaboksi, au ekseli nzima, na aliyeuza hakusema. Katalogi itakupa gasketi ya injini iliyozaliwa na gari, na injini uliyonayo ni ya mwingine. Ndiyo maana namba ya injini inayosomwa ni ile iliyogongwa kwenye bloku, si iliyoandikwa kwenye kibati. La pili ni ughushi. Boksi bandia linaweza kuwa na namba sahihi kabisa. Anayeghushi anajua kunakili tarakimu kumi. Namba inakwambia kitu kitaingia. Kama kitadumu, hiyo ni habari ya duka unaloliamini.

Pia namba hubadilika. Kiwanda kikirekebisha kitu, hutoa namba mpya ya kuirithi ya zamani, na muuzaji akikupa boksi lenye mwisho tofauti na uliouandika si lazima awe anakudanganya. Mwambie akuoneshe kwenye katalogi kwamba hii imeirithi ile. Muuzaji mzuri hachukii kuulizwa.

Mahali ambapo ukali unahitajika ni kwenye vitu vinavyoshika gurudumu na vinavyolisimamisha. Redio isiyoingia itakaa nje. Boli jointi isiyo sahihi ina hatari yake, maana inaweza kukaribia kuingia. Mguu wake ukiwa mwembamba kidogo kuliko tundu, fundi mwenye haraka hukata kipande cha kopo la maziwa, akauzungushia, akapiga nati, na gari ikatembea. Itatembea mpaka siku lile bati litakaposagika, nalo gurudumu la mbele likalala upande njiani na watoto wako kiti cha nyuma. Mke, mama, yeyote aliyesimama pale akaliona bati hilo, ana haki ya kusema, "Fundi, samahani, hiyo hapana," na gari ikalala siku mbili zaidi. Vivyo hivyo pedi za breki zilizopunguzwa kwa tupa ili ziingie.

Nyumba za Mji Mkongwe zina sababu ya ziada ya kuandika haya mapema. Gari haiingii mtaani. Imeegeshwa Malindi au Mnazi Mmoja, na mwenye nyumba akiulizwa namba usiku hawezi kufungua dirisha akachungulia. Karatasi moja kwenye sanduku la vyeti inatosha: modeli kamili, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, ekseli, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Huo mwaka usichukuliwe kwenye kadi bila kuangalia, kwani mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani waweza kuwa mbele ya mwaka wa kutengenezwa, na viwanda hubadilisha vitu katikati ya mwaka. Picha ya kibati iwe kwenye simu za watu wawili, si ya baba peke yake. Ikiwa spea haipo Unguja, picha hiyo inatumwa kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam, anakwenda nayo Gerezani, na mzigo unapanda boti ya siku inayofuata. Bila picha, shemeji naye atasimama dukani akiulizwa Escudo ipi.

Spea ikishaingia na ikafaa, lile boksi lisitupwe lote. Kata upande wenye namba, andika tarehe na kilomita kwa kalamu, liweke kwenye sanduku lile lile. Wakati wa kuanza ni Masika, wageni wakipungua na gari ikiwa barazani. Mtoto wa darasa la sita mwenye macho mazuri, brashi ya meno ya zamani na kipande cha chaki anaweza kuimaliza kazi ya kibati kabla ya adhuhuri.