Msamaha wa kodi kwa walemavu: Mbona anayemlea mtoto nyumbani hauoni?

Kenya ina msamaha wa kodi ya mapato kwa watu wenye ulemavu, na kwenye karatasi ni mnono. Chini ya agizo la mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa halipi kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi. Anaweza pia kupunguziwa hadi Sh50,000 kwa mwezi za matunzo ya nyumbani.

Ili kuupata, lazima upimwe hospitali ya serikali, usajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), kisha uombe cheti kutoka KRA. Safari ndefu, lakini kwa mwenye mshahara ina faida.

Sasa tupige hesabu. Bila kuhesabu makato mengine, mfanyakazi mwenye mapato ya Sh150,000 yanayotozwa kodi hulipa PAYE ya karibu Sh37,400. Akiwa na cheti, pesa hizo zote zinabaki mfukoni. Wa Sh50,000 anaokoa karibu Sh7,400. Wa Sh24,000 je? Sufuri! Mshahara huo tayari hautozwi kodi, awe na ulemavu au asiwe nao.

Yaani kadiri unavyolipwa kidogo, ndivyo msamaha unavyokusaidia kidogo.

Hapo ndipo mlezi anapopotea. Chukua mama mboga mwenye mtoto asiyeweza kutembea wala kujilisha. Hafungui kibanda kila siku, maana mtoto hana wa kumwachia. Ananunua nepi, dawa, na nauli ya kliniki inakuwa mara mbili kwa sababu matatu haichukui kiti cha magurudumu kirahisi. Hata ukimwandikia msamaha wa kodi leo, utamsamehe nini? Hana mshahara wa kukatwa PAYE.

Kwa familia kama hiyo, kuna mpango wa Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa, zikipokewa na mlezi. Hizo ni chini ya Sh70 kwa siku, na si mara moja wameandika kwamba zimechelewa.

Linganisha: serikali inaacha Sh37,400 kwa mwenye mshahara mnono, na inatoa Sh2,000 kwa anayelea mchana na usiku bila likizo.

Hakuna anayesema msamaha uondolewe. Mfanyakazi mwenye ulemavu ana gharama ambazo mwenzake hana, na anastahili kila shilingi. Lakini unafuu unaopitia kodi utamfikia mlipa kodi tu. Mlezi asiye na ajira anahitaji pesa mkononi, kwa wakati, na kiasi kinachokaribia gharama halisi ya kulea.

Bajeti ijayo ikisomwa, usisikilize tu kodi gani imepunguzwa. Uliza pia Inua Jamii imeongezewa ngapi.